Kushoto kwa Aliyekaa Ndani

Bani Malik, Jeddah
Baada ya magharibi

Raya mwanangu,

Wewe na Mama Time mmetoka kwenda kununua begi la pili, maana la kwanza limekataa kufunga, na mimi nimesema kichwa kinaniuma, nibaki. Kichwa hakiniumi. Huo ndio uongo wangu wa leo, nauandika mapema ili ujue barua hii imekaa vipi.

Mambo ya koti, dawa ya kifua na chakula usichokijua, Mama Time mke wangu ameshakujazia ukurasa mzima na kuubandika ndani ya kifuniko cha begi. Sina la kuongeza. Ningekuwa nalo, ningekusimulia tena jinsi nilivyoishinda baridi ya China kwa kujipaka samli mwili mzima nikalala juu ya theluji siku tatu, mpaka watawa wakaniita Simba wa Pwani. Unaikumbuka hiyo? Ulikuwa na miaka saba, ukaicheka mpaka ukapaliwa na uji.

Sijapata kufika China, Raya.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikainuka kwenda kunywa maji, nimerudi bado ipo. Basi tuendelee.

Ami yako hajavuka bahari yoyote. Babu yako alikimbia Unguja na bibi yako na sanduku moja, mimi nikazaliwa hapahapa, na safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Riyadh. Skuli niliiacha darasa la sita. China niliijua kwa makasha. Pale bandarini mimi ndiye niliyekuwa nikiyapanga ghalani, na nakwambia katika ghala lile hakukuwa na mtu wa kunifikia. Niliweza kusimama mlangoni nikafumba macho nikakwambia kasha la ngapi lina vigae na la ngapi lina taa. Hili ni kweli. Sawa, la taa nilikuwa nikikosea mara mojamoja.

Sasa sikiliza kwa nini nakwambia leo, wakati ningeweza kukaa kimya ukaondoka ukiwa na furaha yako.

Wiki iliyopita ulikuja na kile kibweta cha mbao mkononi, kile chenye umbo la samaki, ambacho ndani yake mna uzi na pamba ya wino mkavu. Ulikigeuza chini ukasema, "Ami, miaka yote hii mimi nikidhani ni mapambo! Haya ni maandishi. Jina la mtu na jina la kijiji."

Mimi nikasema, "Ehee?"

"Ndiye yule mtawa uliyemwangusha mieleka akakupa zawadi?"

Nikasema, "Ndiye huyohuyo."

"Basi nikifika tu, likizo ya kwanza nitamtafuta. Nitamwambia mimi ni mtoto wa Simba wa Pwani."

Ukakifunga kwa shuka lako la kijani ukakitia kwenye mkoba. Mimi nikaenda kibarazani nikasimama pale mpaka Mama Time akaniuliza kama nimeona mwizi.

Huyo mtu si mtawa, Raya. Ni seremala. Anaitwa Wei, sisi tulimwita Fundi Wei. Kama yu hai na ukaenda mlangoni kwake na yale maneno niliyokupa, utakuwa umemtukana mzee wa watu nyumbani kwake, na yeye atakuchekea, atakukaribisha, pengine atakuchinjia kuku. Hilo la kukuchinjia kuku ndilo linaloninyima raha.

Ilikuwa hivi. Tajiri mmoja wa Riyadh, mwenye jumba kule Al-Malqa, alinunua jengo zima la Kichina la zamani, limefumuliwa vipandevipande, liwe majlisi yake ya kahawa bustanini. Lilikuwa sehemu ya hekalu; watu walikuwa wakichoma udi humo tangu enzi za mababu wa mababu. Makasha yalishukia bandarini kwetu. Siku hiyo tajiri mwenyewe, ndiye aliyekuja kuwa bosi wangu, akaja ghalani, amevaa miwani nyeusi, akauliza, "Kuna mtu hapa anayejua mambo ya Wachina?"

Wenzangu wakanigeukia wote, maana nilishawasimulia ile ya theluji. Nilikuwa nimeisimulia kabla hujazaliwa, si wewe wa kwanza. Nikasema, "Mimi, bosi. Lugha na desturi." Vivi hivi, bila kupepesa.

Akanihamisha chini ya ukafili wake, awe yeye mdhamini wangu nchini, nikapanda lori na makasha mpaka Riyadh.

Kule nikamkuta Fundi Wei, mtu mfupi, vidole vyeusi kwa wino, na Kiarabu chake maneno kama ishirini. Bosi akasema, "Haya Seifu, msalimie." Vibarua wote wa Kipakistani wamesimama wanatazama. Nikafungua kinywa nikabwata maneno ya kubuni, marefu, yenye kupanda na kushuka. Fundi Wei akanitazama. Kisha akainama kidogo, akajibu kwa Kichina, taratibu, kama mtu aliyeelewa kila kitu. Bosi akaridhika akaenda zake. Alipopotea, Fundi Wei akajishika mbavu akacheka mpaka machozi, akanipiga begani, "Seifu, mafi China! Mafi!" Yaani China kwangu hamna. Lakini kwa bosi hakusema. Hata siku moja, Raya. Kila bosi akija, mimi nitabwata, naye ataitikia. Alinistiri mtu yule na hakuwa na sababu.

Wewe yale yote unayojua kuhusu majumba yale kabla hujayasoma vitabuni, yale uliyoyachora kwenye daftari lako la jalada jekundu, niliyatoa kwake. Nilikwambia niliyaona kwa macho yangu huko kwao. Niliyaona Al-Malqa, mchangani, chini ya turubai la bluu.

Alinionesha ile mikono ya mbao inayobeba paa, mmoja umekaa juu ya mwingine, mpana juu, mwembamba chini, kama mtu aliyekinga viganja anatawadha. Hakuna msumari. Nilimletea misumari kopo zima siku ya pili nikidhani namsaidia, akaifunika kwa mkono, "Mafi msumari, Seifu." Jengo lote limeshikana kwa ulimi na tundu, ulimi na tundu, na upepo ukija linajinyoosha na kurudi. Alinionesha mbao za dari zilizochorwa majani ya majini, na dude la kukaa mwisho wa mgongo wa paa, lenye mkia wa samaki, kinywa wazi. Nikauliza la nini. Akaunguza kijiti cha kiberiti, akakitemea mate. Nikaelewa: nyumba ya mbao inaogopa moto, kwa hiyo wameichoria maji kila mahali. Kizingiti chake, alichokitega mchangani anioneshe, ni kirefu, kinakufika chini ya goti, unakivuka, hukikanyagi. Nilikikanyaga mara moja akanitoa nje niingie upya, mimi, mtu mzima mwenye ndevu.

Na wale viumbe wadogo wa kigae wanaopangwa juu ya pembe za paa, mbele mtu aliyepanda kuku, nyuma yake wanyama mmojammoja kama msafara. Bosi alisema, "Sura za viumbe sitaki juu ya paa langu." Paa lake, haki yake. Fundi Wei hakubisha. Aliwapanga mchangani kando ya kibanda chake, kwa mpangilio wao, na kila jioni aliwafunika kitambaa wasipate vumbi. Uliponiuliza utotoni kwa nini najua mpangilio wao wote, ndiyo sababu. Nilikuwa nikipita hapo kila siku nikienda kutawadha.

Kila kipande cha jengo kilikuwa na alama ya wino. Alinifundisha alama nne: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Akanipigia mstari kwa uzi wa kile kibweta, tap!, mchangani, akaketi ndani ya mstari, mgongo kaskazini, uso kusini kwenye jua. Akainua mkono wake wa kushoto, akaelekeza mashariki. Akaniuliza, "Malum?" Nimeelewa? Nikaitikia kwa kichwa.

Alirudia. Nikaitikia.

Akarudia tena, safari hii akanishika mabega akanikalisha pale alipokaa yeye, akaniinulia mkono wangu mwenyewe. Vibarua wanatazama. Nikasema, "Malum, malum, yalla," nikainuka nikajikung'uta mchanga.

Sikuwa nimeelewa kitu. Lakini mimi nilikuwa mjuzi wa China, vipi nitasema sijaelewa mbele ya watu?

Fundi Wei akaitwa Jeddah kushughulikia vigae vya paa vilivyokwama bandarini. Siku kumi na mbili. Kabla hajaondoka alinionesha kwa mikono: toa mbao makashani, zilaze chini kwa mpangilio, basi. Zilaze tu. Siku ya tatu bosi akapita, akatazama mbao zilizolala, akasema, "Hivi Seifu, wewe huwezi hata kuanza?" Hakuniamuru. Alikuwa anapita tu anakunywa kahawa yake. Mimi ndiye niliyejibu, "Bosi, nipe winchi. Fundi akirudi atakuta paa linamsubiri."

Unajua sisi tukimwelekeza mtu nyumba tunasemaje. "Ukiingia, chumba cha mkono wa kushoto." Tunahesabu kwa mgeni anayeingia. Basi mimi nikasimama mlangoni kama mgeni, nikaitazama nyumba, na kila nguzo yenye alama ya kushoto nikaisimamisha kushoto kwangu. Kumbe katika majumba yale kushoto ni kwa aliyekaa ndani. Aliyekaa kwenye kiti, mgongo kaskazini, ndiye anayeamua upande gani unaitwaje. Anayekuja kutoka nje hajaulizwa. Nililipindua jengo zima kama kanzu.

Mbao zikakataa. Tundu linatazama nje badala ya ndani, ulimi hauna pa kuingia. Mtu mwenye akili angesimama hapo akasema, jamani, kuna kitu. Mimi nikaita patasi na msumeno. Nikakata ndimi zilizochongwa na watu waliokwisha kuwa udongo, nikatoboa matundu mapya, na palipolegea nikatia misumari, lile kopo lilelile. Wallahi nilikuwa nafurahi. Nilikuwa naimba.

Fundi Wei alirudi na vigae mchana, bosi akiwa pale na wageni wake. Alishuka garini, akatazama juu. Sijawahi kuona uso unabadilika vile. Aliinua mikono yote miwili akakimbia huku anapiga kelele, akawasukuma vibarua wawili waliokuwa chini, na kona ya mashariki ikashuka. Haikuanguka kwa kishindo kama unavyodhani. Ilipiga magoti kwanza. Kisha boriti kubwa ikapasuka katikati, na vumbi lililotoka ndani yake likanukia udi.

Hakuna aliyeumia. Hilo nimelishukuru kila siku.

Bosi akaja mwekundu. Hakunitazama mimi kwanza, alimtazama fundi, maana fundi ndiye mwenye kazi. Akaniambia, "Muulize. Muulize kwa nini jengo langu limeanguka."

Nikabwata. Yale yale maneno ya kubuni, mbele ya boriti iliyopasuka. Fundi Wei akanitazama, akajua ameulizwa. Akaanza kusema, kwa Kichina, muda mrefu, anaonesha misumari, anaonesha ndimi zilizokatwa. Alisema kila kitu, naamini. Kichina alijua sikijui, lakini aliamini nitamwambia bosi kwa Kiarabu kile alichokionesha kwa vidole.

Bosi akageuka. "Anasema nini?"

Nikasema, "Anasema hesabu zake zilikosea, bosi. Anaomba radhi."

Ndiyo hiyo, Raya. Maneno machache tu. Nimebeba magunia pale bandarini ambayo punda angekataa, na sijabeba kitu kizito kama hicho.

Kwa miaka mingi nilijiambia nilifanya kwa ajili yako. Wazazi wako walikuwa wametangulia mwezi uleule kwa ile ajali ya njia ya Makka, ulikuwa umelala kwa Mama Time na kiatu kimoja mkononi, na ili uandikwe kwenye ikama yangu, kibali changu cha kuishi hapa, upate skuli nilihitaji saini ya kafili, na kafili ndiye bosi. Yote hayo ni kweli. Lakini nataka ujue, maana wewe ni mtu wa kujibebesha: siku ile, wakati maneno yanatoka, sikukufikiria. Niliwafikiria wageni waliokuwa wananitazama. Wewe nilikutia baadaye, kama ile misumari, palipolegea. Usikubali mtu yeyote akwambie kosa hili lilikuwa bei ya skuli yako, hata kama mtu huyo ni mimi siku nimechoka.

Fundi Wei akapigiwa khuruji, atoke nchini asirudi. Asubuhi ya kuondoka, gari linangoja, akanijia kibandani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akautikisa, machozi yamemjaa machoni. Akanipa kibweta. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Alidhani nimemtetea. Alinisikia nikimjibu bosi kwa Kiarabu asichokielewa, akaona bosi hakumpeleka polisi, akadhani ni mimi. Alinishukuru, Raya, akanipa kifaa cha kazi yake, kile alichopigia kila mstari wa maisha yake. Nami nikakipokea. Nikakileta Jeddah. Ukaniuliza, "Ami, hiki nini?" Nikaanza na mieleka.

Nilipoona umejaza ile fomu ya udhamini wa masomo, umeandika kwamba ulipenda majumba yale kwa sababu ami yako alifanya kazi katika hekalu China, nilitaka kusema. Mama Time, anayejua tangu zamani, aliniambia, "Mwambie mtoto, Seifu." Nikamwambia nitamwambia akifaulu. Ulipofaulu nikasema nitamwambia akipata viza. Ulipopata viza nikakununulia viatu.

Una haki ya kukasirika. Una haki ya kutupa lile daftari, ingawa michoro yake ni ya kweli. Mikono ile ya mbao uliichora sawasawa kuliko nilivyoieleza. Unakwenda kujifunza jinsi ya kuyashika majumba yale yasianguke, na mtu aliyekutia hamu hiyo aliwahi kuliangusha moja. Sijui niite nini jambo hilo. Nimelifikiria tangu alasiri.

Kitu kimoja tu nakuomba, na si ushauri, ni maombi ya mtu aliyeungua. Huko darasani, au juu ya paa, au mbele ya mzee mwenye vidole vyeusi, akikuuliza kama umeelewa na wewe hujaelewa, sema hujaelewa. Aibu yake ni ya dakika moja. Niliihesabu baadaye, kweli dakika moja hivi, muda wa kujikung'uta mchanga.

Kibweta nimekitoa kwenye mkoba wako. Kipo mezani, juu ya barua hii, na chini yake kuna karatasi nyingine ndogo. Usipotaka kubeba jambo langu, kiache hapohapo, nitatafuta njia nyingine mwenyewe, na sitakuuliza. Ukitaka kwenda, nenda ukijua unakwenda kwa nani. Vuka kizingiti, usikikanyage. Kirudishe kwa mwenyewe. Kisha msomee ile karatasi. Wewe Kichina unakijua kweli, si kama mimi. Mfasirie kama ilivyo, usinitilie huruma, usiongeze neno la kunipendezesha. Na akisema lolote, hata liwe la kunilaani, niletee hivyohivyo alivyolisema.

Nawasikia ngazini. Mama Time analalamika lifti mbovu na wewe unacheka. Karatasi yenyewe ni hii, nimeinakili hapa uione kabla hujaamua:

Fundi Wei. Bosi alipouliza kwa nini jengo limeanguka, nilimwambia umesema kosa ni lako. Hukusema hivyo. Nguzo nilizigeuza mimi, ndimi nilizikata mimi, misumari ni yangu. Uliniuliza mara tatu kama nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Kibweta hiki ulinipa kwa jambo ambalo sikulifanya. Anayekusomea ni mwanangu, na yeye leo ndiyo kwanza amejua.

Seifu